Neno Ambalo Ivyne Hakuambiwa

Satellite, Riruta, Nairobi
13 Aprili 2025

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za Ivyne. Hapa tumeamka. Mvua imeharibu njia ya kuingia kwenye ploti yetu hadi wateja wanafika kibandani wakiwa wameshika viatu mkononi, lakini cherehani haijalala. Wiki hii nimemaliza sare za kwaya ya akina mama, ishirini na mbili, na hakuna hata moja iliyorudishwa.

Usishangae kuona barua. Simu imetushinda, Baba. Jumapili nilipaza sauti mpaka Wamucii, jirani yangu wa mlango wa pili, akaja kuuliza ni nani anaumia, na wewe kwa masikio yako ya sasa uliambulia neno "mahindi" tu. Macho yako bado ni mazima, kwa hiyo turudie kalamu. Nikienda mjini kununua vitambaa nitaacha barua katika ofisi ya mabasi, na Okinyi mwenye duka hapo stendi atakupokelea.

Jambo lenyewe ni Ivyne. Miezi mitatu sasa tangu tumzike Mama, na mdogo wangu anakwisha nikimwona. Ikifika saa kumi na moja jioni, ile saa ambayo Mama alikuwa akirudi kutoka kazini Lavington, anasimama langoni. Nikimwita aingie anasema, "Bado." Nikimwuliza anangoja nini anasema, "Mama kazini." Nami humjibu kwamba atakuja kesho, kama wewe na mimi tulivyokubaliana. Amekonda. Ameanza kujiuma kifundo cha mkono, mahali pale pale, hata pamefanya sugu.

Nilimpeleka kliniki. Daktari aliniuliza swali moja: "Alizaliwa hivi?" Nikasema ndiyo, akili yake ni ya polepole tangu utotoni. Akasema, "Basi ndiyo hali yake," akaandika vidonge. Vinamlaza akiwa ameketi, mate yanamtoka. Baba, hiyo si hali yake. Ana miaka ishirini na tisa na tunamjua. Huyu ndiye aliyekuwa akichambua maharagwe akiimba, na kumwita kila mteja wangu "mrembo", hata wanaume.

Niambie nifanye nini.

Binti yako,
Milcah


Emuhaya
4 Mei 2025

Kwa binti yangu Milcah,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Barua yako nimeipata Alhamisi, na mwandiko wako bado unalala upande kama ulipokuwa darasa la nne. Mahindi yametoka vizuri isipokuwa sehemu ya chini ambako maji yalisimama. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike. Paa la kanisa limefika nusu. Masikio ni kama unavyoyajua. Mchungaji akihubiri mimi namtazama midomo.

Kuhusu Ivyne, mpe dawa kama daktari alivyoagiza. Yeye ndiye aliyeyasomea hayo. Mtoto yule hana kumbukumbu ya kwenda mbali. Alisahau shule, alisahau babu yake, atasahau na hili. Usimtaje marehemu mbele yake, wala usimwonyeshe picha.

Najua unataka kuniuliza kwa nini nilimpeleka kwa senge yenu, dada yangu, kule Luanda siku ya mazishi. Nilikuwa na sababu zangu. Tusilirudie.

Ndimi baba yako,
Mwalimu Isaiah


Satellite
20 Julai 2025

Baba,

Shikamoo, na unisamehe kwa ukimya. Barua yako ilinifikia Mei. Kila nilipoanza kujibu niliacha, kwa sababu ningeandika "sisi tu wazima" halafu ningelazimika ama kukudanganya ama kukueleza hili. Leo nakueleza.

Mwezi wa tano nilianza kumfungia Ivyne ndani nikienda kibandani. Kwa kufuli. Nilimwachia chai kwenye chupa, redio, na funguo nikampa Wamucii amwangalie. Sikukuandikia kwa sababu nilijua nikiiona kwenye karatasi nitaona haya. Naona haya.

Tarehe tisa Juni, Wamucii alifungua mlango ampe chakula. Alipogeuka kuchukua sufuria Ivyne hakuwepo. Tulimtafuta Satellite yote, tukatafuta Kawangware, nikaenda kituo cha polisi nikiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Saa tisa alasiri simu ikalia. Ni Kiilu, mlinzi wa pale Mama alipokuwa akifanya kazi, Lavington.

"Milcah, kuja haraka," akasema. "Dada yako ako hapa kwa geti. Nimemuuliza anatafuta nani, ananiambia, 'Nimekuja kuchukua Mama. Mwambie atoke.' Sasa mimi ningemwambia nini? Na mimi nilikuwa mochari siku ile tunatoa mwili."

Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka hapa mpaka kule, Baba. Njia hiyo hajawahi kuipita peke yake. Kandambili moja ilipotea, mguu ulikuwa umechanika. Nilimkuta amechuchumaa, jicho moja limebandikwa kwenye upenyo wa geti, akitazama mlango wa jikoni. Alikataa kuondoka. Kiilu alitaka kumfungulia aingie ajionee mwenyewe kwamba Mama hayumo, nikamkataza, kwa maana sikujua ningemwambia nini baada ya hapo.

Madam Urvashi akatoka mwenyewe. Unamkumbuka, yule Mhindi aliyemwajiri Mama miaka yote hiyo, aliyekuja mazishini na kukaa jua lote. Alimtazama Ivyne, akaniambia, "Milcah, huyu si kichaa. Huyu anangoja. Mtu akingoja sana anaumwa." Akanipa namba ya binti ya rafiki yake. Anaitwa Jasleen, ni mwanasaikolojia, ana chumba ghorofani karibu na Adams Arcade. Tumeenda mara nne. Amekubali kujaribu, ingawa anasema wengi katika kazi yake huwakataa watu kama Ivyne kwa kudai hawawezi tiba ya mazungumzo.

Kufuli nimeitupa. Sasa anakaa nami kibandani.

Milcah


Emuhaya
3 Agosti 2025

Milcah,

Mtoto wangu alifungiwa kwa kufuli nami nikaambiwa baada ya miezi miwili! Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama dukani kwa Okinyi, na nikalazimika kuketi juu ya gunia. Angegongwa na gari? Angechukuliwa na watu wabaya? Sikukulea hivyo.

Nimengoja siku tatu kabla ya kuandika ili kalamu ipoe. Imepoa kidogo. Najua uko peke yako na mzigo ni wako mchana kutwa. Nakiri hilo.

Lakini huyo mtaalamu mimi simwelewi. Tiba ya mazungumzo ni ya watu wenye mazungumzo. Ivyne hana maneno mia mbili. Atakaa kwenye kiti aulizwe juu ya moyo wake, na hata mimi niliyesoma siwezi kujibu maswali ya namna hiyo. Mtamchosha bure, na mtamfungulia kidonda asichojua kukifunga.

Hata hivyo niambie. Huyo mwanamke anafanya naye nini hasa?

Baba yako


Satellite
31 Agosti 2025

Baba mpendwa,

Asante kwa kunigombeza na asante kwa kuuliza. Ivyne anakusalimu, nimemwambia nakuandikia, akasema, "Baba, ng'ombe." Basi msalimie na ndama.

Siku ya kwanza Jasleen alikuwa na karatasi ya maswali ya kupimia huzuni ya mtu. Akamwuliza, "Wiki hii umekuwa na huzuni au umekuwa sawa?" Ivyne akasema, "Sawa." Jasleen akaligeuza swali: "Umekuwa sawa au umekuwa na huzuni?" Ivyne akasema, "Huzuni." Alikuwa anashika neno la mwisho tu, ili kumridhisha. Jasleen akaitia ile karatasi kwenye droo. "Haya maswali hayakutungwa kwa ajili yake," akaniambia. "Tukisema ameshindwa tunamwonea. Ni sisi tumeshindwa kumwuliza."

Kwa hiyo amebadilisha kila kitu. Wengine hukaa saa nzima, Ivyne hukaa dakika ishirini. Kiti ni kile kile, na ukutani kuna picha za tutakachofanya, kimoja baada ya kingine, naye hubandua kila kilichokwisha. Swali ni moja kwa wakati mmoja. Akishauliza, Jasleen hunyamaza na kuhesabu moyoni mpaka kumi. Mimi nilikuwa nikijibu kwa niaba yake hata kabla ya tano, mpaka nikaombwa nikae na mikono yangu mdomoni. Alileta michoro ya nyuso, yenye furaha na yenye hasira, Ivyne akauliza, "Huyu ni nani?" Basi tukampiga picha yeye mwenyewe, Ivyne akicheka, Ivyne akinuna, na sasa akifika huchukua picha moja akaiweka mezani. Hivyo ndivyo anavyosema anavyojisikia. Pia alitutuma kwa daktari mwingine, naye anapunguza vile vidonge polepole. Mate yamekoma.

Wiki mbili zilizopita Jasleen alichemsha chai. Ivyne alipoona birika aliificha mikono nyuma. Nilikuwa nimeshona wanasesere wanne wa vitambaa, Mama, wewe, mimi na Ivyne. Jasleen akawaweka mezani na kikombe, akamwambia, "Nionyeshe." Akahesabu. Nafikiri alifika kumi mara tatu.

Ivyne akamchukua Mama, akamlaza chini. Akasema, "Nilimwaga chai. Mama akaanguka. Mama amekasirika. Hataki kurudi."

Baba, asubuhi ile mimi nilikuwa kibandani. Waliokuwa ndani ni Mama na Ivyne. Wamucii aliposikia kishindo na kuingia alikuta chai sakafuni, na sote tulidhani Mama aliimwaga alipokuwa anaanguka. Majirani wakambeba mpaka kwenye gari, akafia hospitalini kwa kiharusi. Ivyne aliona akibebwa, na hajamwona tena. Halafu wewe ukamwambia yuko kazini, nami nikawa ninamwambia kesho. Mama alikuwa akitoka kazini kila siku akarudi. Akienda asirudi, maana yake nini kwa Ivyne? Maana yake hamtaki. Miezi saba amekuwa akisimama langoni akiamini kwamba mama yake yuko pale Lavington, mzima, na amemkasirikia kwa sababu ya kikombe cha chai.

Jasleen anasema hawezi kumsaidia mtu kuomboleza kifo alichoambiwa hakipo. Aambiwe ukweli, kwa maneno ya wazi. Nilijaribu kumwambia mimi. Akatikisa kichwa: "Baba alisema kazini." Lako ndilo analoshika. Ni wewe wa kumwambia, Baba. Njoo, au uandike.

Milcah


Emuhaya
28 Septemba 2025

Kwa Milcah,

Salamu. Tumevuna. Si haba, magunia saba, ingawa panya nao wamevuna. Paa la kanisa limekamilika, na wiki iliyopita lilizinduliwa kwa ibada ndefu ambayo sikuisikia. Ndama amekuwa mkaidi, anaruka uzio.

Yale uliyoniandikia juu ya chai nimeyasoma.

Kusafiri siwezi kwa sasa, magoti yamevimba. Hiki hapa nilichomwandikia. Msomee.

"Mpendwa binti Ivyne. Napenda kukuarifu kwamba mama yako mpendwa, baada ya taabu nyingi za dunia hii, aliitwa juu na Muumba wake, na sasa amelala usingizi wa amani mahali pasipo na machozi, akitungojea sisi sote tutakapounganishwa naye. Usifadhaike. Ni mimi baba yako akupendaye."

Baba


Satellite
12 Oktoba 2025

Baba,

Hujambo na magoti? Nitakutumia mafuta ya kuchua kwa basi la Jumatano.

Nilifanya kosa la kumsomea kabla ya kumwonyesha Jasleen. Nilipofika "amelala", Ivyne alisimama akasema, "Mwamshe." Nikasema haiwezekani. Akanivuta mkono kuelekea mlangoni: "Twende. Mwamshe." Kisha akauliza, "Nani alimwita?" na baadaye, "Anatungoja wapi?" Siku mbili alikataa kufumba macho. Nikaja kuelewa kwamba anaogopa kulala, kwa sababu Mama alilala akapotea.

Jasleen ameyazungushia kalamu nyekundu maneno manane ya barua yako, na anakuomba radhi kwa kumsahihisha mwalimu. Anasema sentensi iwe na jambo moja. Neno ni "amekufa", na lisibadilishwe jina. Umweleze kufa ni nini, kwa mwili, kwa vitu anavyovijua. Umwambie kuhusu chai. Na umwambie kwamba ulichosema mwanzo hakikuwa kweli, la sivyo hatajua ashike lipi.

Mimi naongeza langu, na unisamehe nikivuka mpaka. Ulifundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne. Watoto wa watu walikuja kwako bila kujua kushika kalamu, wakaondoka wanasoma. Unajua vizuri sana jinsi ya kusema jambo kwa mtu asiyelijua. Kwa nini kwa Ivyne unaandika kama unasoma wasifu wa marehemu kanisani?

Milcah


Emuhaya
2 Novemba 2025

Milcah, binti yangu,

Umeniuliza kwa nini. Nimekaa na swali lako siku kumi na sita. Sijamwambia mtu haya nitakayoandika; nyumbani kwetu ni mama yenu peke yake aliyeyajua, na hakuyasema mpaka anaingia kaburini.

Ivyne alipofikisha miaka saba nilimwandikisha shuleni kwangu. Nilimkalisha dawati la nyuma. Wiki ya pili akaja mkaguzi. Alisikia mtoto akiguna na kupiga dawati, akauliza, "Mwalimu, yule ni nani?" Nikasema ni wa jirani, amefuata wenzake, hajaandikishwa. Ivyne alikuwa akinitazama na kuniita Baba. Nikamwambia mkaguzi kwamba hapa kijijini watoto wote huniita Baba. Jioni hiyo hiyo nililifuta jina lake daftarini.

Mama yenu, Debra, alisikia kwa mke wa mwalimu mwenzangu. Hakunifokea. Mwezi uliofuata alimchukua Ivyne wakaenda Nairobi, akatafuta kazi Lavington. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita, nilikwambia amefuata mshahara. Watu wote niliwaambia hivyo. Ukweli ni kwamba alimpeleka mtoto mbali na mimi.

Sasa siku ya mazishi. Walikuja walimu wenzangu wa zamani, maafisa wa elimu, wanafunzi wangu ambao leo ni watu wakubwa. Nilijua Ivyne atapaza sauti mbele yao. Nikampeleka Luanda. Mara ya pili nikamkana, na safari hii mbele ya jeneza la mwanamke aliyemficha nisimkane.

Ndiyo sababu siwezi kumwandikia vizuri. Si kwamba sijui. Nilikuwa najua tangu zamani.

Nimeandika upya mara tisa. Nimeandika kwa herufi kubwa, kama za ubaoni. Kila mstari nimeupa ukurasa wake, mbandike picha.

IVYNE. MIMI NI BABA.
MAMA AMEKUFA.
MAMA ALIKUWA MGONJWA NDANI YA KICHWA.
MWILI WAKE ULIACHA KUFANYA KAZI. HAPUMUI. HASIKII. HAUMWI.
CHAI HAIKUMUUA MAMA.
MAMA HAKUKUKASIRIKIA.
NILISEMA MAMA YUKO KAZINI. NILIDANGANYA.
MAMA HAYUKO LAVINGTON. MAMA HARUDI.
MWILI WA MAMA UKO KABURINI, NYUMBANI KWA BABA.
IVYNE NI MTOTO WANGU.

Kama kuna kalamu nyekundu, nirudishiwe.

Baba


Satellite
23 Novemba 2025

Baba,

Nilikaa na barua yako kibandani na mteja akaondoka bila kupimwa. Nimekukasirikia. Nimelia pia. Tuyaache hayo hadi tutakapoonana.

Hakuna kalamu nyekundu. Jasleen alisoma kurasa zako moja moja, akavua miwani, akasema, "Hii ndiyo kazi yenyewe."

Tulimsomea Alhamisi, saa nne asubuhi, Ivyne kwenye kiti chake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha yako ukiwa na kofia, akaigusa. Wa pili ulikuwa na picha ya Mama. Nikasoma, "Mama amekufa." Nikasoma mpaka mwisho. Akachukua kurasa zote, akazipanga upya, akanirudishia. "Soma." Nikasoma. "Soma." Mara saba, Baba. Kwenye ukurasa wa chai akanisimamisha kila mara, akauliza, "Chai?" Nami nikasema, "Chai haikumuua Mama." Mara ya saba akasema mwenyewe, "Chai hapana."

Jioni saa kumi na moja akaenda langoni. Nikadhani ni kazi bure. Nikamfuata nikasimama naye. Baada ya muda akauliza, "Kesho?"

Tangu Januari nimekuwa nikimjibu kesho. Nikamwambia, "Hapana, Ivyne. Hata kesho."

Akaingia ndani.

Usidhani amepona. Amevunja sahani, amenipiga kifuani, Wamucii amemwambia Jasleen kwa simu, "Daktari, saa hii ndio amekuwa mbaya zaidi." Jasleen akajibu kwamba sasa ndipo ameanza kumlilia mama yake, na tusimharakishe. Tutakuja Krismasi. Jasleen anasema Ivyne asilazimishwe kwenda kaburini. Akitaka ataenda.

Milcah


Emuhaya
18 Januari 2026

Milcah,

Natumaini sare za shule hazijakumaliza na kwamba wazazi wa huko wanaleta watoto kupimwa kabla ya siku ya mwisho. Huku ni kiangazi. Magoti yamepata nafuu. Ulifanya vyema kuniachia Ivyne hizi wiki tatu, nami nilishukuru ingawa sikujua kusema ulipokuwa unapanda gari.

Ulipokuwa hapa aliliona kaburi kutoka barazani tu, na akifika kwenye ile migomba anageuka. Nilifanya mlivyoniambia, sikumvuta. Asubuhi tulikuwa tukichambua maharagwe. Kuna jambo nimeligundua, nalo halimo kwenye mafunzo ya Jasleen. Watu wote husema nami kwa haraka na kwa kelele, nisiambulie kitu. Ivyne husema neno moja moja, polepole, akinitazama usoni. Katika nyumba hii yote ndiye ninayemsikia.

Jumanne alinishika mkono, akaniongoza hadi kaburini. Alitazama udongo na msalaba. Akanigeukia, akasema, "Ulisema kazini."

Nikamwambia, "Nilisema kazini. Nilikudanganya, Ivyne. Nilikosa."

"Mama hapa."

"Mwili wa Mama uko hapa. Amekufa."

Akaketi chini, akaanza kulia. Sikusikia sauti, lakini niliona mishipa ya shingo na kuku wakikimbia, na nikajua ni kubwa. Ilikuwa siku ya mkutano wa akina mama kanisani, njia ilikuwa imejaa. Wakaingia bomani wengi, mke wa mchungaji mbele. Nilimsoma midomo: "Mwalimu, mnyamazishe, watu wanatazama."

Nikamwambia, "Mwache alie. Huyu ni binti yangu Ivyne. Mama yake amekufa, na hakuwepo siku ya kumzika." Nadhani nilisema kwa sauti kuu, sina kipimo tena. Walisimama. Kisha mama mmoja akaketi chini kando yake, na mwingine, mpaka wakawa kama kumi na wawili mavumbini na nguo zao za ibada. Ilichukua asubuhi nzima. Baadaye alikula ugali sahani mbili.

Kifundo cha mkono bado anakiuma siku nyingine. Jana alikiuma. Simfichi na sikufichi.

Ninapoandika haya ameketi mbele yangu mezani. Nimemwuliza kama ana neno la kukuambia. Akafikiri sana, nami nikahesabu, nikapita kumi.

"Mwambie Milcah Mama amekufa."

Nikamwambia, "Milcah anajua."

"Mwambie tena."

Basi, mwanangu, nakuambia tena. Mama amekufa.

Baba yenu,
Isaiah